Miti ya Nahumu na Daftari la Marafiki

Asubuhi Idunduma ni baridi. Ukipumua, moshi unatoka mdomoni kama umevuta sigara. Ni kitongoji tu. Ukitoka Makambako kwenda Njombe unaacha lami, unashuka kushoto, unaanza kuona mashamba ya viazi. Chini kabisa bondeni kuna vinyungu, zile bustani za kiangazi kando ya maji. Na hapo juu ya vinyungu kuna chemchemi. Habari yetu inaanzia kwenye chemchemi hiyo.

Alikuwepo mzee mmoja, Nahumu, na mkewe Hulda. Nahumu ana miaka sitini na nane. Kila asubuhi yeye anakoka moto, Hulda anakwenda kuteka maji. Zamani, kuni mbili zikiisha, Hulda huyo, amerudi na ndoo kichwani. Chai inachemka. Lakini siku hizi kuni mbili zinaisha, nne zinaisha, na Nahumu amekaa tu na sufuria tupu, amejifunika koti.

"Mama Sila, umepitia wapi?" anamuuliza mkewe akiingia.

"Nimepitia kwenye maji."

"Maji si yapo hapo chini?"

"Hapo chini bomba linatoa machozi tu. Nimeshuka mpaka bonde la pili. Kesho nenda wewe, ukaone."

Nahumu hakwenda. Yeye sababu alikuwa nayo. Mwaka wa kwanza alisema mvua imepungua. Mwaka wa pili alisema ni malori, yanatikisa ardhi. Mwaka wa tatu alisema ni ule mnara wa simu uliojengwa kilimani, unanyonya.

"Unanyonya nini?" Hulda aliuliza.

"Unanyonya," Nahumu alisema, akakoroga chai.

Kitu kimoja hakukifikiria. Pale juu ya chemchemi alikuwa na miti yake, milingoti mia mbili, ile ambayo wengine huiita mikaratusi. Aliipanda mwenyewe, miaka kumi na moja sasa. Kila jioni anakwenda kuitazama. Anaipiga makofi shinani kama mtu anayempongeza ng'ombe. "Wengine wana pensheni ya serikali," alikuwa akisema. "Yangu mimi imesimama hapa." Bado miaka michache tu, waje wanunuzi wa nguzo za umeme.

Sasa alivyofika shule mzee huyu, ilikuwa hivi. Viazi vyake vilishikwa na ukungu. Akapanda gari mpaka Makambako, akanunua dawa mbili dukani, moja ya ukungu na moja ya kuua magugu. Muuzaji alimweleza vizuri tu. Lakini chupa zilifanana, na njiani Nahumu akasahau ipi ni ipi. Kusoma hajui. Kuuliza watoto wa jirani, aibu. Akachagua moja kwa kuinusa. Akapulizia shamba zima.

Baada ya siku nne viazi vikawa vya njano. Baada ya wiki, shamba kama limechomwa moto.

Hulda alisimama pembeni mwa shamba. Akang'oa shina moja la kiazi, akalitupa. Halafu akasema, "Magugu yamekufa vizuri."

"Mama Sila, usinitanie."

"Sikutanii. Nenda kwa Marafiki ukajifunze kusoma."

Marafiki hao ni Wakristo, wako wachache sana huku kwetu. Ibada yao wanakaa kimya, wanamsikiliza Mungu, hakuna mchungaji wala kwaya. Huyo wa kwanza kuja aliitwa mzee Elius. Alitoka kule Mara, akaja kufanya kazi relini Makambako, akanunua shamba Idunduma. Yeye ndiye aliyeanzisha darasa la watu wazima. Mlutheri anaingia, Mkatoliki anaingia, asiye na kanisa anaingia. Elius alishafariki. Sasa anafundisha binti yake, Mwalimu Oliva, mama mtu mzima aliyestaafu unesi.

Jumamosi Nahumu akavaa koti la kanisani, akaenda. Darasa ni chumba cha udongo chenye bati. Ndani kuna watu kumi na wawili, kila mtu na kigoda chake. Kimya kabisa. Mwalimu Oliva akamwonyesha kigoda kimoja cha zamani kando ya ukuta. Nahumu akakaa.

Akasubiri. Hakuna aliyesema. Mmoja kafumba macho, mwingine anatazama miguu yake. Nahumu akaanza kupata wasiwasi. Akavua kofia. Akamwegemea jirani yake, akanong'ona, ila kunong'ona kwake ni kama kuita mbuzi:

"Jamani, poleni sana. Nani kafariki?"

Darasa zima likacheka. Hata Mwalimu Oliva akafuta machozi.

"Hajafariki mtu, baba. Tunaanza na kimya. Kila mtu anatua mzigo wake kwanza. Halafu tunasoma."

"Na nani anatuombea?"

"Kila mtu ndani yake."

Nahumu akavaa kofia yake. Hakuelewa. Mlutheri yeye amezoea ukikaa hivyo mtu anaanzisha wimbo. Lakini herufi alizielewa. A, e, i, o, u. Mwezi wa tatu akasoma neno "dawa". Mwezi wa tano akazisoma zile chupa mbili nyumbani, akazitenga, moja huku, nyingine kule, akamwita Hulda aje kuona.

"Hii ni ya u-ku-ngu. Hii ya ma-gu-gu."

"Mwaka jana zilikuwa hazijaandikwa?" Hulda akauliza, akaenda zake jikoni.

Haya. Jumamosi moja Mwalimu Oliva akaja na karatasi. Amepewa na bwana misitu wa kata. Akasema leo tunasoma karatasi ya kweli, siyo kitabu cha shule. Kila mtu mstari mmoja. Zamu ya Nahumu ikafika. Akaweka kidole chini ya neno.

"Mi-li-ngo-ti... milingoti. I-si... isipandwe. Ka-ri-bu. Karibu na cha-nzo... chanzo cha maji." Akapumua. Jasho linamtoka na baridi yote ile. "A-che-ni mita si-ti-ni."

Akainua uso, amefurahi. Mstari mrefu kuliko yote aliyowahi kusoma! Akangoja wampigie makofi. Hakuna aliyepiga. Wote walikuwa wanamtazama.

"Vipi, nimekosea?"

"Hujakosea, baba," Mwalimu Oliva alisema. "Umesoma vizuri sana."

Ndipo neno likamwingia. Milingoti. Maji. Akatafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani.

"Lakini mti ni mzuri!" akasema. "Serikali yenyewe inatuambia tupande miti!"

"Mlingoti ni mzuri," Mwalimu Oliva akajibu. "Unatupa nguzo, mbao, kuni. Ila unakunywa maji mengi, masika na kiangazi. Ukiwa kilimani, sawa. Ukiwa kwenye chemchemi, umekaa mezani. Ng'ombe naye ni mzuri, baba, lakini humlazi kitandani."

"Na ule mnara?"

"Mnara hauna mizizi."

Wakaenda kupima. Karani wa darasa, Brayson, alikuwa na kamba ndefu. Kila mita kumi fundo. Wakaanzia kwenye bomba la chemchemi, wakapanda. Fundo la pili halijafika, huyo mlingoti wa kwanza. Nahumu akasema kamba imelowa umande, na kamba iliyolowa inadanganya. Brayson hakubisha. Akapima tena kwa hatua. Ikawa vilevile. Mpaka fundo la sita, miti mia moja na thelathini ilikuwa ndani ya mita sitini. Sabini tu ndiyo iliyobaki nje, kule juu.

"Sasa?" Nahumu akauliza.

"Tutakaa Jumamosi, tuzungumze," Brayson alisema. "Maji ni ya kitongoji chote, ila miti ni yako, mzee wangu. Bwana misitu angeweza kuja na sheria yake. Tumemwomba atuache kwanza tukae wenyewe."

Usiku huo Nahumu hakulala vizuri. Miaka kumi na moja! Asubuhi akawa amepata akili. Akaenda kwa shemeji yake, Amon.

"Kamwene, shemeji," akamsalimia.

"Kamwene. Mbona mapema? Hulda mzima?"

"Hulda mzima. Nataka kura yako."

Amon naye ana milingoti, sehemu nyingine, akaelewa haraka. Nahumu akazunguka nyumba kwa nyumba. Akahesabu watu wa darasa, kumi na wawili. Akasema akipata kumi na watano wake, amewashinda. Akawaahidi ulanzi, ile pombe ya mianzi, mtungi mzima baada ya mkutano. Kwa ulanzi, watu kumi na watano siyo shida.

Jumamosi ikafika. Chumba kikajaa mpaka mlangoni. Hulda naye alikuja, akakaa nje kwenye gogo, karibu na dirisha. Brayson akafungua daftari. Akasema, "Tupo hapa kwa habari ya chemchemi yetu na miti ya mzee Nahumu." Halafu akanyamaza.

Wote wakanyamaza.

Watu wa Nahumu wakatazamana. Amon akakohoa. Dakika tano. Mama mmoja akasema polepole kwamba binti yake siku hizi anachelewa shule kwa sababu ya maji. Kimya tena. Mwingine akasema kinyungu chake mwaka huu hakikutoa mboga. Kimya. Hakuna aliyemtukana Nahumu. Hakuna hata aliyemnyooshea kidole. Yeye alikuwa amejiandaa kwa matusi, majibu anayo mfukoni, na sasa hana pa kuyatolea.

Mwisho akasimama. "Haya, kura saa ngapi?"

"Hatupigi kura, baba," Mwalimu Oliva alisema.

"Hampigi kura?" Amon aliruka. "Sasa sisi tumekuja kufanya nini?"

"Kukaa na sisi. Karibuni sana."

"Lakini nani anashinda?" Nahumu akauliza, na kweli alitaka kujua.

"Tukipiga kura, upande mmoja utashinda na mwingine utarudi nyumbani na uchungu. Kesho mnakutana kwenye bomba hilohilo. Tunakaa mpaka wote tukubali, na wewe ukiwemo."

"Na mimi nisipokubali?"

"Tutakaa tena."

Brayson akaandika, akasoma palepale mbele ya wote: "Tumezungumza. Hatujakubaliana. Tutakaa tena Jumamosi ijayo." Akauliza kama ameandika sawa. Wote wakasema sawa. Wakaondoka. Ulanzi ulinyweka, lakini Amon aliunywa kwa hasira. "Shemeji," akasema, "umetuleta kwenye vita ambayo adui anakaa tu."

Jumamosi ya pili ikawa hivyohivyo. Watu kumi na watano wakawa wanne. Jumamosi ya tatu akabaki Amon peke yake, naye alisinzia.

Nahumu akachanganyikiwa kweli. Angejua afanye nini na mtu wa kubishana naye. Nyumbani akamgeukia mkewe.

"Mama Sila, wewe ndiye unayeteka maji. Mbona husemi lolote? Unakaa nje kwenye gogo kama kuku wa mvua."

Hulda alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso. "Mle ndani sina ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Fikiria."

Alifikiria mpaka viazi vikaiva. Hakupata kitu.

Sasa darasa lile lina desturi yake. Mtu akimaliza kitabu cha kwanza, anapewa daftari la zamani la darasa, asome kurasa za mwanzo mbele ya wenzake. Ndiyo cheti chake. Zamu ya Nahumu ikaangukia Jumamosi ya nne. Brayson akamletea daftari hilo, jalada limeliwa na panya. Mwandiko wa mzee Elius, mkubwa na wazi. Nahumu akakaa kwenye kigoda chake kando ya ukuta. Hulda alikuwa nje dirishani, kama kawaida. Akaanza kusoma.

"Mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita. Tumeanza darasa kwenye ghala la mahindi. Watu sita. Ubao ni mlango wa zamani, tumeupaka masizi."

Watu wakatabasamu. Akafunua.

"Tumetengeneza machela ya kubebea wagonjwa. Tumembeba mama mjamzito mpaka barabarani. Amejifungua salama, mtoto wa kiume. Ameitwa Amon."

"Ni mimi huyo?" Amon akazinduka.

"Wewe ulishaoa wakati huo! Amon mwingine. Lala." Nahumu akaendelea. Sasa kidole kinakwenda chenyewe. "Tumewasomea barua majirani tisa. Tumemjengea jiko mjane." Akafunua tena. "Mwezi wa nane. Hulda, mke wa Na..." Akasimama. Akasogeza daftari kwenye mwanga. "Hulda, mke wa Nahumu, amesema ng'ombe wanachafua chemchemi, watoto wanaharisha. Ameomba tuijengee mawe na bomba. Tumekaa kimya. Wote tumekubali. Hulda amebeba mawe mengi kuliko sisi wote, na mtoto mgongoni."

Kimya. Watu wakageuka kutazama dirishani.

"Huyu ni Hulda gani?" Nahumu akauliza, na jibu alikuwa analijua.

"Endelea, baba," Mwalimu Oliva alisema.

Mstari uliofuata ulikuwa mfupi. Neno moja moja akalisoma.

"Hulda... haji... tena. Mume wake hataki. Kigoda chake kipo. Hatutampa mtu, isipokuwa mtu wa nyumbani kwake."

Nahumu akatazama chini, kwenye kigoda alichokalia tangu siku ya kwanza. Kimechakaa, kingo zimelainika. Ndipo akakumbuka. Siku ile alikuwa na haraka, anakwenda Makambako na gunia la viazi. Akasema mlangoni, bila hata kugeuka, "Mwanamke mzima unakwenda shule, nani atapika?" Basi. Neno moja tu la mtu mwenye haraka. Yeye alilisahau kabla ya kufika barabarani. Mwenzake amelibeba miaka ishirini na zaidi, pamoja na ndoo.

Na yale mawe aliyoyabeba yeye Hulda, Nahumu ndiye aliyekuja kupanda milingoti juu yake.

Kwa mara ya kwanza Nahumu hakutaka mtu aanzishe wimbo. Alikaa, akakaa. Halafu akainuka, akachukua kile kigoda, akatoka nacho nje, akakiweka mbele ya mkewe.

"Chako hiki, mama Sila. Ingia."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Nitasimama. Nina la kusema, halafu nina la kukata."

Akasema mlangoni, kwa maneno machache: ile mia moja na thelathini ataikata. Ile sabini ya juu ataiacha. Brayson akaandika, akasoma, wote wakasema sawa. Hulda akasema sawa mara mbili.

Darasa zima lilikuja na mashoka na misumeno, hata Amon. Miti haikupotea bure. Waliiuza kama mirunda ya ujenzi, bei ndogo kuliko nguzo, lakini ilitosha bati za jiko la Hulda. Bwana misitu akaja kuwaelekeza. Alisema mlingoti ukikatwa haujafa, kisiki kinachipua. Machipukizi yaondolewe kila yakitokea, la sivyo kazi ni bure. Akawapa miche ya mivengi, mti wa kwetu wa mabondeni, usioinyang'anya chemchemi maji. Na atakayetaka milingoti, akapande kilimani, mbali na maji, zaidi ya mita sitini. Nahumu akapanda mia moja huko juu.

"Utaikuta, babu?" wakamtania.

"Nisipoikuta mimi, mwanangu Sila ataikuta. Na barua ya kumwachia naweza kuandika mwenyewe."

Maji hayakurudi kesho yake. Nahumu alikwenda kila asubuhi kutazama bomba, akanung'unika. Masika ya kwanza, machozi yaleyale. Kiangazi, matone yalikuwa ya haraka kidogo. Masika ya pili yalipokwisha, asubuhi moja alikuwa anakoka moto. Kuni ya pili haijaisha. Akasikia hatua nje.

"Umesahau nini?" akauliza.

"Sijasahau kitu," Hulda alisema, akatua ndoo. Imejaa mpaka juu.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Oliva alisema jambo hili lazima liingie kwenye daftari, na aandike Nahumu mwenyewe. Akaandika mchana wote. Kisha akasimama, akasoma:

"Tulikata miti mia moja na thelathini kwenye chemchemi. Tulipanda mivengi. Maji yamerudi. Hulda amerudi darasani." Akawatazama. "Nimeandika sawa?"

"Sawa," wakasema wote. Isipokuwa mmoja.

"Si sawa," Hulda alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Umeandika 'tulikata'. Mti wa kwanza uliukata wewe peke yako. Andika hivyo. Na uandike kwamba ulilia."

"Sikulia! Lilikuwa vumbi la msumeno!"

"Ulilia, baba Sila."

"Mama Sila, mbele za watu?"

Brayson, karani, akainua mkono polepole. "Tukae kimya kidogo," akasema.

Wakakaa kimya. Amon akafumba macho. Mwalimu Oliva akatazama miguu yake, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nahumu akatazama huku na huku, akitafuta mtu wa kumpigia kura. Mwisho akakaa chini, akashika kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, neno moja moja.

"Wote tumekubali," akasoma. "Alilia."